Zipu ya Mgongoni

Nicheke mimi kwanza kabla hamjanicheka ninyi, maana Ruiru nzima iliniona, na hasira bado haijaniisha.

Ilikuwa siku ya mashindano ya watoto wachanga, sherehe yetu ya kwanza tangu Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilegezwe, nami nilitaka gauni jipya. Fundi wangu wa Thika akaniambia, “Dada, wewe umesoma, bado unataka vifungo kama nyanya yako? Weka zipu mgongoni. Unavuta mara moja, kwisha. Haya ndiyo maendeleo.” Na mimi, mama anayenyonyesha (sekondari nilienda kufanya nini?), nikakubali, mbele pakashonwa papapa, hata kidole hakipiti.

Tulikuwa kwenye foleni ya kupimwa, mbele ya chifu na wazee wote wa kanisa, mwanangu Njoroge akaanza kulia. Njaa. Maziwa yangu yakasikia kabla yangu, gauni likalowa kifuani miviringo miwili, nikavuta zipu, ikauma shimizi ikakataa kwenda juu wala chini, na mtoto sasa analia mpaka sauti inakatika.

Mama mkwe akafika mbio. Njoroge ana jina la marehemu mumewe, kwa hiyo humwita mume.

“Ngai! Mume wangu anakufa njaa na wewe umejishona kama gunia la kahawa?”

“Mama, imekwama!”

“Nani alikushonea mlango mgongoni? Unanyonyesha kwa mgongo?”

Wanawake watatu wakavuta, wapi. Ndipo karani mmoja, eti anasaidia, akashika kipaza sauti: “Kuna mama amekwama ndani ya nguo! Mwenye koleo aje mbele!” Wakaja wanaume wanne. Wanne!

Mama mkwe hakungoja koleo. Alitoa kisu chake cha miwa akapasua gauni kutoka shingoni hadi tumboni, akanifunika kwa shuka lake, na Njoroge akashika ziwa kwa nguvu nikalia machozi.

Jumatatu nilimrudia fundi. Akasema, “Lile ni gauni la mwanamke, si la mama.”

“Kwani hao ni watu wawili?” nikamwuliza, akainamisha kichwa kwenye cherehani.

Vitu vipya sivikatai. Lakini tangu siku hiyo, mtu akinitajia maendeleo, namwambia anionyeshe kwanza mtoto atapitia wapi.