Jirani wa Jumamosi

Wifi yangu hakujua kununa, na hilo ndilo lililomtoa nyumbani kwake. Wengine watakwambia ni soko la ardhi, ni barabara ya lami, ni watu wa bondeni waliochoka na joto wakagundua kwamba mlimani kuna baridi. Mimi nakaa dukani kwangu nikitazamana na kibaraza chake tangu alipoolewa na kaka yangu, na nakwambia kilichomtoa ni tabia yake njema. 

Ni fundi cherehani. Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Kaka aliipanga walipooana: vyumba viwili, jiko uani, na kibaraza kipana cha mawe kinachotazama bonde zima. Kaka alipofariki, mwenye nyumba, mzee mpole wa kikohozi, alikuja kutoa pole akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, kaa hapa. Hakuna atakayekutoa." Wifi alilishika neno hilo kama wengine wanavyoshika hati. Lakini neno halina mhuri, na wazee nao hufa.

Pale kibarazani ndipo alipoweka cherehani yake ya miguu, ile nzito ya meza ya mbao, na pale ndipo mteremko wetu unapomkata mtu pumzi. Kila anayepanda kutoka sokoni lazima atue mzigo. Basi wanatua kwa wifi. Mmoja anaacha ufunguo wa nyumba kwa ajili ya mumewe, mwingine anarudisha bakuli, wa tatu amekuja kupunguziwa sketi lakini kwanza amseme mkwe wake. Wifi anashona huku pini ziko mdomoni, kwa hiyo kila swali analijibu "mm". Kwa hilo tu watu walimwona ana busara kuliko hakimu.

Halafu ikaja lami, na nyuma ya lami akaja dalali. Jina lake halisi limeshasahaulika, sote twamwita Mandhari, maana neno hilo halimtoki kinywani. Shamba la viazi la mwalimu aliliita mandhari. Korongo lililommeza mbuzi wangu, mandhari. Ni mtoto wa hapa hapa. Kaptula yake ya kwanza ya shule aliishona wifi, na kila alipozidi kurefuka ni wifi aliyelifumua pindo na kulishusha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umeishona mwenyewe.

Akaanza kuuza. Nyumba ya seremala ikaenda, ya mkunga ikaenda, na kila iliyouzwa iliota ukuta na mbwa. Wenyewe wanakuja siku mbili tatu, wanachoma nyama, wanapiga kelele, wanaondoka. Wiki nzima zinabaki kuta tupu na yule mbwa anayembwekea kila mtu aliyezaliwa hapa. Nakwambia ukweli, nilikuwa nikipita pale natema mate.

Sasa Mandhari akagundua kitu. Wateja walikuwa wakitazama bonde, wanatikisa kichwa, halafu wanauliza: "Na majirani wakoje?" Basi akaanza kuwaleta kwa wifi. Akawafundisha njiani, nikimsikia kabisa: "Huku hakuna kengele. Unapiga hodi tu!" Nao wanapiga hodi wakichekana, watu wazima na funguo za magari mkononi. Wifi anatema pini kiganjani, anasukuma vitambaa pembeni. "Karibuni, karibuni! Pandeni, hicho kiti kizima, hicho kingine kina mguu mbovu." Chai inakuja. Mandhari anasimama katikati ya kibaraza, amekunjua mikono.

"Mnaona wenyewe? Haya ndiyo maisha ya jamii. Mjini mtayapata wapi?"

Alimwonyesha wifi yangu vile mchuuzi anavyofunua mdomo wa mbuzi ili mnunuzi aone meno. Nilitamani kumrushia jiwe la mizani.

"Wifi, huyo anakuuza," nilimwambia wageni walipoondoka.

"Ananiuza nini? Chai?"

"Anauza ujirani wako. Kila ukiwachekea, bei inapanda."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, anatafuta pini iliyodondoka.

"Atapona au atahama? Ukicheka na nyani utavuna mabua, wifi."

"Sasa ninune? Mtu kaniambia hodi, nimnunie?" Aliniuliza kwa dhati kabisa. Hilo liliniudhi zaidi.

Mwaka huo huo mwenye nyumba akafa. Watoto wake wako mbali, hawakumbuki hata mlango unafungukia upande gani. Hawakuja kutazama. Walimpigia simu Mandhari, wakamwambia auze.

Hapo kila mwenye akili angekunja uso. Wifi yeye alikuja na hesabu yake: akipatikana mnunuzi mtu mwema, na akimpenda, atamwacha akae kama mpangaji kama alivyokuwa akikaa. Kwa hiyo akazidisha wema. Alifua vitambaa vya meza. Alikipaka kibaraza rangi. Na sikiliza kituko hiki: alishona mapazia mapya ya nyumba inayouzwa chini ya miguu yake! Mapazia yenye marinda! Nilipoyaona yananing'inia nilirudi dukani, nikafunga mlango nikiwa na wateja nje.

Nikaona, basi, kama yeye hawezi kununa, nitanuna kwa niaba yake. Kila gari la wanunuzi likisimama, mimi niko barabarani.

"Ukungu hapa," nawaambia, "huoni mkono wako."

"Mnaamka mko ndani ya mawingu!" anadakia Mandhari.

"Baridi inakula mifupa."

"Hewa safi. Shangazi huyu mnamwona? Hajawahi kulazwa."

"Maji yanakatika kila mara."

"Na yakikatika wote wanakwenda kuteka pamoja chemchemini, wanaimba!"

Hatujawahi kuimba. Tunatukanana kwenye foleni kama watu wengine wote. Lakini kwenye mdomo wa yule kijana hata kikohozi changu kingekuwa ngoma. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye aliweza kukitembeza chochote.

Hatimaye wakaja mtu na mkewe. Mume ana miwani, mpole, anaogopa kukanyaga matope. Mke kavaa viatu vipya vya kupandia milima, na pindo la koti lake limefumuka. Wifi alimvua koti pale pale, akalishona wakati chai inachemka, akakataa malipo. Yule mama akaanza kulia. Alisema ameishi ghorofani miaka yote na jirani yake wa ukuta mmoja hamjui kwa sura. Akamkumbatia wifi akasema, "Mama, tunainunua kwa ajili yako."

Wifi alivuka barabara mbio kuja dukani, na magoti yake yale mabovu. "Umesikia? Kwa ajili yangu! Wewe ulisema nitahama, haya sasa." Sijapata kumwona amefurahi hivyo tangu kaka afe. Nilimpa sukari bure.

Waliponunua hawakuja wao kusema. Alikuja Mandhari, na ingawa kiti kilikuwepo, hakuketi.

"Mama, wanataka kufanya ukarabati kidogo. Itabidi upishe."

"Sawa, mwanangu. Na mimi nitarudi lini?"

Akatazama simu yake ambayo haikuwa imelia. "Tutaongea, mama."

Wifi akahamia stoo yangu, nyuma ya duka, katikati ya katoni za sabuni na magunia ya chumvi. Tulibeba kitanda, masufuria, cherehani ndogo ya mkono. Ile ya miguu haikupita kwenye mlango wa stoo. Yule mama wa viatu akampigia simu kwa sauti ya asali: "Iache tu hapo hapo, mama. Hapo ndipo kwake." Wifi akaja kunieleza macho yanang'aa. Kwa akili yake, mtu akikwambia cherehani yako ina kwake, na wewe una kwako. Nilikuwa na maneno mengi lakini yote yalikuwa machafu.

Mafundi walipoondoka, tukaona. Ukuta, geti la chuma, kengele. Vioo upande mzima wa bonde. Mapazia yenye marinda yalikuwa jalalani. Mimi mwenyewe niliyakuta, nikayafua nikayaficha. Na getini kibao cha mbao kimechongwa neno moja: UJIRANI. Hilo ndilo jina walilolipa jumba lao! Wenyewe hawakai. Wanalipangisha kwa wageni wa mapumziko, na msimamizi ni nani kama si Mandhari. Cherehani ya wifi iko kibarazani, imevuliwa mkanda, juu yake chungu cha maua. Kila wakiyamwagilia, maji yanachuruzika kwenye mbao.

Wanawake wanaotoka sokoni sasa wanatua mizigo chini ya ukuta, kwenye vumbi, wanapumua, wanaondoka. Hakuna anayemsema mkwe wake pale. Utamsemea ukuta?

Haikupita miezi mingi, Mandhari akaingia dukani, shikamoo nyingi.

"Shangazi, wageni wanalalamika. Wanasema pamepoa. Wanauliza hao majirani wako wapi."

"Waambie umewauza."

Akacheka kidogo. "Nilikuwa nafikiria... mama aje Jumamosi. Akae tu kibarazani pale kwenye cherehani yake, awasalimie, awape chai. Hata akishona kidogo. Tutampa chochote."

Jamani. Nimeuza duka miaka mingi, nimeona wezi, nimeona walevi waliotapika kwenye mzani wangu. Sijapata kuona kinyaa kama kile. Nilimwambia, "Mtoto wewe uliyevalishwa na yule mama, toka kabla sijakuvua." Alikuwa ameshafika mlangoni wakati pazia la stoo lilipofunguka.

"Saa ngapi?" wifi akauliza.

"Wifi!"

"Cherehani yangu inaoza, wifi. Nikiwa pale angalau nitaipaka mafuta."

Jumamosi nilifunga duka, nikamfuata na kichupa cha mafuta na kitambaa. Sikutaka aende peke yake. Alivaa gauni lake la harusi za watu. Getini alisimama, akajiweka sawa, akaita, "Hodi!"

Akaita tena, hodi ya pili, kwenye nyumba aliyoifagia tangu ujana wake. Mandhari akachungulia juu ya ukuta. "Bonyeza kengele, mama. Hapo kulia."

Akabonyeza.

Kibarazani alikiondoa chungu cha maua, akaanza kufuta. Mbao zilikuwa zimevimba. Alitia mafuta tundu moja baada ya jingine, akizungusha gurudumu kwa mkono polepole, nalo lililia kwanza, kisha likakubali. Wageni wakatoka na vikombe vyao, vijana wa rika la wajukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni, karibuni! Hicho kiti kizima..." Akatazama. Viti vyote vilikuwa vipya. Akaendelea tu, akawauliza wametoka salama, wamelala vizuri, baridi haikuwasumbua? Walimzunguka. Ungesema ni kile kibaraza cha siku zote.

Binti mmoja akauliza, "Bibi, na wewe unakaa wapi?"

Wifi alikuwa ameinamia gurudumu. Bila kuinua kichwa akaelekeza kidole gumba nyuma yake, mlangoni. "Hapa," akasema.

Wakaangua kicheko. Waliona bibi mcheshi. Mandhari akapiga makofi. "Si niliwaambia? Mnaona!" Na yule binti akatoa simu. "Bibi, rudia! Sema tena vile, unakaa wapi?"

Wifi akainua kichwa. Akautazama mlango, ukiwa na kufuli yake mpya, kisha akanitazama mimi. Ndipo nilipoliona jambo nililomwombea miaka yote ile: uso wake ukakunjamana, midomo ikakaza, macho yakashuka. Alinuna. Wifi yangu alinuna hasa, mbele ya wageni, kitambaa cha mafuta mkononi.

"Ona bibi alivyonuna," mmoja wao akasema. "Anapendeza!" Nao wakasogea wote, wakapiga picha.