Namba ya Mama Nanyama

Fabian Wechuli alifika ofisini kwangu Mamboleo na kompyuta iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili isiachane. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Wabukusu waliohamia Awasi kuuza mahindi. Kompyuta alijifunza mwenyewe kwa simu. Mimi hutafutia kampuni wafanyakazi, na nilitaka tovuti ambayo mwajiri angefungua akaona waombaji kazi wangu wote. Majina mia sita yalikuwa yamelala kwenye faili tu.

"Kazi iko hivi, Mama," alinieleza. "Tovuti haiwezi kuyafikia majina yenyewe. Katikati kuna programu ndogo inaitwa draiva. Tovuti ikiuliza, draiva inaenda kwa hifadhi ya majina, inarudi na jibu."

"Kama kutuma mtu dukani."

"Hapo hapo. Nipe wiki tatu."

"Siku kumi."

"Siku kumi ni za kuunganisha, Mama. Kujaribu je?"

"Lori hujaribiwa likiwa na mzigo."

Akacheka, akakubali. Hivyo ndivyo ninavyopatana na kila mtu.

Wiki hiyo hiyo kiwanda kimoja cha miwa upande wa Muhoroni kikaomba makarani wa mizani. Jentrix, dada yake Wechuli, alikuwa na stashahada na miaka miwili ya kukaa nyumbani. Alijaza fomu yetu mapema. Nilimwambia Wechuli, akishaunganisha, aangalie kama jina la dada yake limeingia.

"Hapana, Mama. Leo nikiangalia lake, kesho nitalisukuma juu. Aitwe kama wengine."

Nilimwona mjinga. Lakini mjinga mwaminifu ni faida ofisini, nikamwacha.

Siku ya kumi aliunganisha. Majina yakapita yote, draiva haikulalamika hata mara moja. Kiwanda kikachagua watu, na ujumbe wa kuwaita ukatoka wenyewe.

Sasa, vijana wa huku hubadilisha laini za simu kila mara wakifuata bando ya bei nafuu. Ndiyo maana kwenye fomu huandika namba ya mama, ambayo haibadiliki. Kwa akina Wechuli waombaji walikuwa wawili, Jentrix na binamu yao Waswa, na wote waliandika namba ya Mama Nanyama, mama mzazi wa Wechuli na Jentrix. Ujumbe ulipoingia, Jentrix ndiye aliyeusoma kwa sauti. Waswa ameitwa. Wakangoja wa pili mpaka simu ikazima. Asubuhi ya usaili Jentrix alimpigia Waswa shati pasi. Wiki iliyofuata akajiunga na vibarua wa kupalilia miwa, miwa ile ile ambayo Waswa angekuja kuipima.

Mwezi ulikwisha ndipo mwajiri mwingine akanipigia simu. "Mama, ulinitangazia watu mia sita. Mbona naona mia nne na kumi?"

Wechuli alilinganisha faili la zamani na hifadhi mpya mstari kwa mstari. Kisha akainua uso uliomnyauka. Alikuwa ameweka sharti kwamba namba moja ya simu ni mtu mmoja. Akija mwingine na namba hiyo hiyo, anamfuta aliyetangulia. Waswa alijaza fomu siku mbili baada ya Jentrix.

"Na wewe ulipoanza kazi hapa," nikamuuliza, "uliniachia namba ya nani?"

Ilikuwa ya Mama Nanyama.

Sikumfokea. Siku za kujaribu nilizikata mimi. Nilipiga simu kiwandani wakaniambia nafasi zimejaa, mikataba imesainiwa. Basi tukaenda naye shambani kumwona Jentrix.

Alikuwa amejifunga leso kichwani, jembe mkononi. Alimsikiliza kaka yake hadi mwisho.

"Kwa hivyo hawakunikataa?"

"Hawakukuona kabisa."

"Mwezi mzima nimejua kwamba sitoshi." Akafuta jasho kwa kiganja. "Fabi, wewe ulikuwa ndani. Jina moja tu. Ulishindwa kuangalia?"

"Sikutaka kukupendelea."

"Kuangalia ni kupendelea?"

Nikaingilia kati, nikamwahidi Jentrix kwamba nafasi ya kwanza itakayokuja ni yake.

"Asante, Mama, lakini usiniandike tena kwenye orodha yako. Na huyu pia asiniandike." Nyapara alikuwa anatutazama. Jentrix akarudi kwenye mstari wake, akainama, na hakugeuka tena.

Wechuli aliwaingiza waliopotea wote upya ila Jentrix, safari hii kila mmoja na namba yake ya uombaji. Alitumia wiki tatu. Sikumhimiza.

Jentrix bado yuko mashambani. Nimetuma mtu kwake mara mbili kumwita, na mara zote jibu ni lile lile. Fomu iko wazi kwa yeyote, hata yeye akitaka kuijaza mwenyewe, na Wechuli anajua hilo. Kila asubuhi kabla ya chai huandika jina la dada yake kwenye kisanduku cha kutafuta, kisha hungoja. Draiva inaenda, inarudi mikono mitupu.

Sijamkataza. Haichukui hata dakika.