Josho la Samaki Mmoja

Ng'ombe wa jirani wakitoka joshoni hupita nyuma ya darasa letu hapa Kitale, na ile harufu ya dawa ya kupe huingia dirishani. Wenzangu huziba pua. Mimi hucheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilikuwa mdogo, na samaki wangu wa rangi ya machungwa alikuwa amebaki peke yake kwenye tangi la sebuleni. Wenzake walikufa na vidoti vyeupe mwilini, na sasa yeye pia alikuwa navyo. Guka, babu yangu, ambaye siku zote alimwita "mboga inayochelewa", alimkuta akijisugua kwenye mawe.

"Si huyu ana kupe," akasema. "Ng'ombe hujikuna hivyohivyo kwa nguzo. Leo ni siku ya josho, na yeye anaenda."

Nikalia, nikidhani anampeleka kwa ile dawa kali. Kumbe alitia maji na chumvi kwenye beseni, akamtumbukiza kwa kichungi cha chai, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani.

"Akilegea tunamtoa, bana. Huyu si wa kuzamishwa kichwa kama ng'ombe."

Tukabadilisha pia maji ya tangi, tukamrudisha. Kila siku ya josho ng'ombe walitangulia, samaki akafuata, mpaka vidoti vikaisha.

Jumapili moja wageni wa kanisa walikuwa wakinywa chai, samaki akirukaruka nyuma yao. Mama akaita kutoka jikoni, "Guka, mbona kichungi kinanuka samaki?"

Guka akamwangalia mgonjwa wake. "Si amepona," akasema. "Kunyweni tu."