Majivu Kwenye Jiko la Mwenzangu

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma hapa asitafute maneno makubwa. Majina ya watu sitayaandika, maana watoto wao wanapita mlangoni kwangu na kuniamkia. Lakini walionitoa kijijini kwetu Mabawe nitawasema: ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji chetu wa wakati ule. Miaka ya wakimbizi, kambi zilipojaa na kila sufuria ikatafuta kuni, wawili hao waliikata mikaratusi aliyoipanda mume wangu, mstari kwa mstari, wakachoma mkaa. Nilipouliza, shemeji akanijibu, "Mwanamke ana mti gani?" Mwenyekiti alikuwa amekaa pembeni anatafuna hindi la kuchoma, hindi la shamba langu, na hakuinua kichwa. Baada ya hapo shemeji akaanza kuja kukaa barazani kwangu jioni, anaangalia paa, anaangalia milango. Nikaelewa kuwa baada ya miti nafuata mimi. Nikachukua mkeka na sufuria, nikapanda lori mpaka Ngara mjini.

Watu wanaufahamu mji huo kama mji mdogo. Kwangu haukuwa mdogo. Magari meupe yenye nyaya ndefu juu yalikuwa yanapishana tangu asubuhi, na wageni walitafuta vyumba hata vilivyokuwa vibanda vya mbuzi mwaka uliotangulia. Nilipata nusu ya chumba kwa mama mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye wazee wake walitoka pwani.

"Nitakutazama mwezi mmoja," aliniambia. "Tabia yako ikinishinda utaondoka. Nyumba hii ina watu wengi, sitaki makelele."

Nikasema ndiyo, mama. Pa kwenda pengine sikuwa napo, labda kurudi kwa shemeji.

Nusu nyingine ya chumba ilikuwa ya binti fundi cherehani kutoka Kibimba. Tulitenganishwa na kanga iliyofungwa kwenye kamba, nami siku za kwanza nililala nikisoma maandishi ya kanga ile kwa nyuma, herufi zimegeuka, mpaka nikayaweza. Nilikuwa na hasira na dunia, siwezi kuficha, lakini macho yangu yalikataa kukasirika. Yalitaka kuona. Niliona choo chenye kufuli, na ufunguo wake umefungwa kwenye kijiko ili usipotee. Niliona kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, nikakizunguka siku mbili kabla sijathubutu kuuliza. Mama mwenye nyumba alicheka, akanikalisha juu yake, akanipa nazi nikune. Mtoto wa mfanyakazi wake alikuja na gari kutoka Mwanza akiwa na nazi tatu tu, na mama alizitunza kama mayai.

Ila kilichonishangaza zaidi kilikuwa majiko. Chini ya upenu yalipangwa majiko manne ya mkaa, kila mpangaji na lake, na kila jiko na gunia lake lililofungwa kamba. Wanawake wanne wanawasha mioto minne, wamepeana migongo. Kwetu moto ukizimika unakwenda kwa jirani na kigae. Tunaita kurahura. Hakuna anayekunyima, na mwenyewe akiwa hayupo unachukua makaa mawili matatu, yanayobaki unayafukia kwa majivu ili ayakute yako hai. Kuacha moto wa mtu wazi ni kukosa adabu.

Basi wiki ya pili, asubuhi, jiko langu la kupewa lilikataa kuwaka. La mpangaji mwenzangu, mke wa dereva, lilikuwa jekundu. Huyu mumewe alikuwa anapeleka mahindi kambini, wao walitoka Kahama. Mwenyewe alikuwa bafuni. Nikachota makaa matatu, nikayafukia yaliyobaki vizuri kabisa, kwa mkono wangu, kwa heshima zote.

Alipotoka na kukuta majivu, birika la baridi na mume amevaa viatu tayari, aliniangalia mimi, akaangalia jiko langu linawaka.

"Nani amemwaga majivu kwenye moto wangu?"

"Ni mimi, dada."

"Unanizimia moto mume wangu anasafiri? Unataka nini kwake?"

Dereva aliondoka bila chai. Mkewe akamwita mama mwenye nyumba, akasema mwizi wa mkaa angemvumilia, lakini mchawi wa majivu hawezi kulala naye ukuta mmoja. Mama akaleta kigoda chake, akakaa. Moyoni nikaanza kukunja mkeka wangu.

"Majivu ya nini?" akauliza.

Nikaeleza. Yule fundi cherehani akatoka mlangoni, pini mdomoni, anacheka.

"Mama, huyu amerahura tu. Bibi yangu angempigia makofi. Mimi nimeshaharibika na mji, nilisahau kumwambia."

Mama akanigeukia. "Kwa hiyo kwenu moto ni wa wote?"

"Moto, ndiyo," nikasema. "Miti ilikuwa yangu."

Ikabidi niseme na hayo mengine, shemeji na mwenyekiti, mikaratusi. Mke wa dereva akalifungua gunia lake la mkaa. Kisha akasema polepole kwamba gunia lake mumewe alilichukua njia ya Mabawe. Nikatoa kipande, nikakigeuza, nikakinusa. Mkaa hausemi umetoka kwa nani. Mpaka leo sijui.

"Atakaa," mama akaamua. "Na kesho yeye ndiye atakayewasha wa kwanza, nyie wengine mchukue kwake. Nataka niuone huo utaratibu."

Kesho yake fundi cherehani alichukua moto kwangu kwanza. Kisha mke wa dereva alikuja na kifuniko cha kopo, akasimama mbele yangu hajui aanzie wapi.

"Sasa ninasemaje?"

"Unasema naomba moto."

"Naomba moto."

Alichukua makaa matatu. Kisha, kabla sijamzuia, akainama na kufukia yangu kwa majivu, viganja viwili vilivyojaa, mpaka yakazimika yote. Alinyanyua uso anatazama kama amepatia.

Nikamwambia ahsante, dada. Alipogeuka nikachukua kigae, nikaenda kurahura kwa fundi cherehani.