Watoto wa Kuazima

Jumatatu asubuhi, chai ya walimu ikiwa bado ya moto, mwalimu mkuu aliingia na barua yenye mhuri akatangaza kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi. Anakuja kwa jambo moja tu: kuona shule inavyofundisha usawa wa watu, haki za raia, na jinsi inavyowapokea watoto wa makundi madogo. Kisha akagawa kazi. Madawati ishirini yaazimwe shule ya jirani. Mapazia yaazimwe zahanati. Vyungu vya maua viazimwe benki. Halafu akamgeukia mwalimu wa uraia, mwanamke aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Na wewe, Mwalimu, naazima wale wako kumi na wawili. Wale wakubwa. Waje wameoga."

Akayasema hayo baada ya vyungu vya maua, kwa pumzi ileile.

Mwalimu wa hesabu, jirani mzuri mwenye mdomo usio na breki, ambaye shule nzima ilimwita Kipeuo, akacheka ndani ya kikombe. "Warudishwe lini, Mkuu? Maua benki wanataka Ijumaa."

Walimu wakacheka. Mwalimu wa uraia hakucheka. Wenzake walimpa jina la Andika, kwa sababu hakuwahi kukubali neno la mdomo. Ukimwambia kipindi kimehamishwa, anakwambia andika. Ukimwambia pole, wanasema, atakwambia andika.

"Wale wako" walikuwa watoto wa Kokoto. Babu zao waliletwa kutoka mbali kuvunja mawe wakati barabara kuu inajengwa. Barabara ikaisha, mkandarasi akaondoka, watu wakabaki pale machimboni na nyundo zao. Mpaka leo wanavunja mawe na kuuza kokoto kwa madebe. Rangi yao iko tofauti kidogo na ya wengine, nywele zao vilevile, na lafudhi yao inawachongea kabla salamu haijaisha. Mjini ukitaka kumtukana mtu bila kutumia tusi, unamwita Mkokoto, inatosha.

Shuleni hawakukataliwa. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja. Walipokelewa kama "wasikilizaji." Msikilizaji anakaa chumba cha nyuma, kilichokuwa zamani stoo ya saruji, anasikiliza mpaka lugha yake ikae sawa. Lugha inapimwa kwa kipimo gani, hakuna aliyewahi kusema. Jina lake haliandikwi kwenye daftari la mahudhurio, na asiye kwenye daftari hapelekwi kwenye mtihani wa mwisho. Siku moja sauti inavunjika, ndevu zinachungulia, msikilizaji anaona aibu, anaenda machimboni mwenyewe. Shule inasema ameacha masomo. Mikono ya shule misafi.

Andika mwenyewe alisikiliza miaka sita katika chumba hicho. Aliyemtoa si mkaguzi wala hotuba. Shule ilikuwa inajenga choo kipya, ikaagiza kokoto mikokoteni minne kwa mama yake. Mama akaipanga mikokoteni yote nje ya geti, akakaa juu ya ule wa kwanza, akamwambia mkuu wa wakati ule: "Kokoto zitaingia na jina la mtoto litaingia. Mlango ni mmoja." Mafundi walikaa bure hadi saa nane. Saa nane na robo jina likaingia. Ndivyo mwalimu wa kwanza kutoka machimboni alivyopatikana: kwa choo. Watu wakimsifu kwa juhudi na maombi, huwa anawaacha waendelee.

Basi Jumatatu hiyo Andika alimfuata mkuu ofisini.

"Kumi na wawili wote nawaleta," alisema. "Waandike kwanza."

"Tutaliangalia baada ya ugeni."

"Baada ya ugeni kuna nini cha kuangalia? Alhamisi mkaguzi anahesabu vichwa. Daftari lina arobaini, darasani kuna hamsini na wawili. Utamwambia wengine ni mapambo?"

Mkuu akatabasamu. Alikuwa mtu wa kutabasamu akishakutangulia kufikiri. "Hilo nimelimaliza. Kumi na wawili wa mbele wanabaki nyumbani siku hiyo, wale wazito wa masomo. Wako wanakaa viti vyao, wanaitika majina yao. Arobaini kwa arobaini. Funika kombe, mwanaharamu apite."

Andika alimtazama. Kwa miaka kumi na moja amefundisha sura ya tano ya kitabu, inayosema kila raia ana haki ya kutambuliwa kwa jina lake, na mtu huyu ndiye aliyekuwa akitia sahihi maandalio yake ya somo kila wiki.

"Wataitika majina ya watoto wengine," alisema.

"Kwa dakika arobaini tu, Mwalimu. Unaongea kana kwamba nawauza."

"Wanaouzwa huwa wana bei, Mkuu."

"Ukikataa, somo atafundisha mwingine, na watoto nitawachukua vilevile. Si wanajua njia?"

Hapo alisema kweli. Angewachukua. Andika akasema sawa, akatoka. Ilikuwa hasira isiyo na kelele, kama jiwe lililokataa nyundo, nayo ilimsaidia kufikiri. Wengine hasira huwafumba macho. Yeye ilimfanya aone hadi misumari ya mlango.

Jioni alikwenda kwa dada yake machimboni. Binti wa dada alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, na kwake huu haukuwa mchezo. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mtihani haupokei mtu wa miaka kumi na sita. Majina yalikuwa yanafungwa Ijumaa, siku moja baada ya ukaguzi. Asipoingia mwaka huu, nyundo ilikuwa inamsubiri pale pale mlangoni, ndogo, ya mpini mpya; mama yake alishainunua.

"Aitike tu," dada alisema, akipepeta vumbi la mawe kwenye kanga. "Wakubwa wakitaka kuona sura, waone. Tumeitwa mangapi humu."

Binti alikuwa amepewa jina la mtoto wa mwenye duka la dawa. Alikuwa akilijaribu mdomoni kama kiatu cha mtu. Akauliza, "Mama mdogo, nikiitika kwa jina lake, halafu nikajibu swali vizuri, alama ni ya nani?"

"Yake."

"Na nikikosea?"

"Kosa lako. Watasema wa Kokoto ndivyo walivyo."

Dada akaguna. "Usimjaze mtoto sumu."

"Sumu alishanyweshwa, dada. Mimi namsomea lebo ya chupa."

Kisha akamwambia binti afanye alichoagizwa: aitike. Wote waitike. Lakini katika zoezi, chochote atakachoulizwa kuhusu yeye, aandike kweli, na wenzake awaambie vivyo hivyo. Hakuongeza neno. Siri ya watoto kumi na wawili ikisemwa yote, kesho yake inakunywa chai na mkuu.

Alhamisi mkaguzi alifika saa tatu. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyechoka kwa namna ya mtu anayejua shule zote zinafanana siku anayofika yeye. Akakaa nyuma, kwenye dawati la kuazima. Aliita majina mwenyewe. Arobaini wakaitika. Binti wa dada aliitika kwa jina la mtoto wa mwenye duka la dawa, sauti kavu, na Andika akaibana chaki ndani ya kiganja mpaka ikakatika.

Mkuu alisimama dirishani, uso umelainika.

Andika akafundisha. Alifundisha vizuri kupita siku zote, kwa sababu kila sentensi ya kitabu ilikuwa inamchoma. Alieleza kwamba kuna nchi watu waliwekewa milango yao, viti vyao na mabomba yao ya maji kwa sababu ya rangi, na kwamba waliofanya hivyo mara nyingi walikuwa watu wa adabu, wenye salamu nzuri. Alieleza kwamba sheria mbaya unaweza kuisoma, ukaipinga. Lakini desturi mbaya haina karatasi, kwa hiyo anayeilinda anaweza kukuapia kwamba haipo. Kijana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, na kama mtu amekubali mwenyewe kukaa nyuma?"

"Muulize aliambiwa nini kabla ya kukubali," alisema.

Mkaguzi akaandika kitu.

Kisha zoezi. Andika alijua kazi ya wakaguzi kama mama yake alivyojua mizani ya wanunuzi. Mkaguzi hachukui maneno, anachukua karatasi: anakusanya kazi zote za darasa, anatia sahihi kila moja, anaziambatisha kwenye ripoti. Na karatasi ikishatiwa sahihi, hakuna mwenye ubavu wa kuichana.

"Chukueni karatasi," alisema. "Raia ni nani? Andika jina lako kamili, majina ya wazazi wako, mahali unapokaa, na haki moja uliyo nayo. Dakika kumi."

Dirishani, uso wa mkuu ulikunjamana, ukajinyoosha, ukakunjamana tena. Lakini mlangoni hakuingia. Angeingia aseme nini?

Mkaguzi alikusanya mwenyewe. Alitia sahihi moja baada ya nyingine, haraka, kwa mazoea. Kwenye ya kumi na saba akasita. Akavuta daftari. Akasoma tena. Ya ishirini na mbili, vilevile. Akavua miwani.

"Mkuu, njoo. Na wewe, Mwalimu."

Walikwenda ofisini, mlango ukafungwa. Mkaguzi akatandaza karatasi kumi na mbili mezani.

"Hawa ni nani?"

"Hayo ni majina ya nyumbani, mama," mkuu alisema. "Hawa watu wana majina mengi."

"Na wazazi wa nyumbani?"

Andika ndiye aliyeeleza, kwa ufupi, bila kulia wala kuomba: stoo ya saruji, wasikilizaji, watoto arobaini na watatu, kumi na wawili waliotakiwa kubaki nyumbani leo ili viti viazimwe.

Mkaguzi alipumua. "Unajua nikiandika haya kutakuwa na kamati? Nitaitwa mara tatu."

"Utaitwa, mama. Na wataomba ripoti za nyuma. Umekagua shule hii miaka mitatu mfululizo, na mara zote umeandika kwamba hakuna mtoto nje ya daftari. Sahihi ni zako."

Kutoka nje ilisikika sauti ya mtu akisukuma vyungu vya maua kurudi kwenye gari.

"Unanitisha?" mkaguzi aliuliza, na safari hii alimtazama vizuri.

"Nakuuzia. Daftari liko hapo. Mkuu aandike majina kumi na mawili kwa wino, arobaini na moja mpaka hamsini na mbili. Wewe utie sahihi chini na tarehe ya leo. Basi karatasi hizi zitakuwa kazi za wanafunzi wa shule, na ripoti yako haina shimo. Kesho majina yaende kwenye mtihani."

"Na thelathini na mmoja waliobaki?" Mkaguzi hakuwa mjinga.

Andika alikuwa amelipima swali hilo tangu Jumatatu. Alijua akidai arobaini na watatu kwa siku moja, mkaguzi angeona kamati ni nafuu, na kamati ingekaa mpaka binti wa dada apate wajukuu.

"Kila mmoja ana siku yake," alisema. "Leo naongea kuhusu Ijumaa."

Mkuu akaandika. Mkono wake ulikuwa mzuri, wa mwalimu wa zamani, na kwa kila jina alipumua kana kwamba anang'olewa jino. Mkaguzi akatia sahihi. Kwenye ripoti yake, iliyokuja baada ya wiki mbili, shule ilisifiwa kuwa mfano wa kuigwa katika kuwajumuisha watoto wa makundi madogo. Mkuu aliibandika ubaoni. Andika aliisoma akiwa amesimama, yote, mpaka mhuri. Ule haukuwa ushindi uliomfurahisha. Kumpa mtu kilicho chake kisha ukapigiwa makofi kwa ukarimu, hakuna tusi lililovaa nguo safi kuliko hilo. Lakini namba ya mtihani ya binti ilikuwa mkobani mwake, na namba hailiwi na tusi.

Malipo yalikuja Jumatatu baada ya ripoti. Mkuu alimwondoa kwenye uraia, akampa usimamizi wa usafi na ufunguo wa vyoo. Uraia akapewa Kipeuo.

Kipeuo alimkuta pale stoo ya saruji, watoto thelathini na mmoja wakinakili kutoka ukutani, kwa kuwa ubao haukuwepo. Akasimama mlangoni, hana utani wa kuanzia.

"Dada, mimi uraia nimeusoma mara ya mwisho nikiwa na nywele. Nipe maandalio yako. Nakuomba."

"Ya miaka kumi na moja?"

"Hata ya mmoja."

"Una vipindi vingapi kwa wiki?"

"Vinne."

"Viwili vya mbele, viwili vya humu. Na ukiingia humu unaingia na daftari, unaita majina."

Kipeuo akacheka kidogo. "Humu hawana daftari. Mkuu ataninyonga."

"Atakunyonga kwa lipi? Unafundisha usawa, ripoti inakusifu, iko ubaoni. Mwambie ni maandalizi ya ukaguzi ujao."

"Kipindi kimoja cha humu," Kipeuo alisema.

"Kaka, ondoka mlangoni, unawazibia mwanga."

Akaingia hatua moja. Msichana mdogo wa mbele akamsogezea ndoo iliyopinduliwa. Kipeuo akaikalia.

"Viwili," alisema. "Lakini daftari nitanunua mimi, nikimwomba yeye hatatoa."

"Lenye mistari mipana," Andika akasema, akamgeukia mtoto wa kwanza. "Mwambie mwalimu jina lako. Lote."