Mashine Iliyotoa Shikamoo

Mimi nina hasira za karibu, na nasema mapema kwa sababu wanaonifahamu wangelitaja hilo kabla yangu. Hasira hizo ziliwahi kuninyima "marahaba" kwa siku kumi, na chanzo chake kilikuwa neno moja kwenye skrini nyeusi.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika kikundi kimoja cha maji Newala. Kazi yetu ilikuwa kupanga zamu za boza: kaya ipi ipelekewe maji leo, ipi kesho, kuanzia mitaa ya mjini mpaka huko Mnyambe. Kwetu ni Masasi, chini, na wenyeji walinitania kwamba sisi wa bondeni tumezoea maji ya kuchezea. Pale juu nilijifunza kunawa uso kwa kikombe kimoja na kuyakinga yale yale ya kudekia. Kwa hiyo mtu akinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuuliza zamu yake, sikumwona msumbufu.

Zamu zilikaa kwenye mashine mbili. Moja ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyotoa orodha ya dereva wa boza kila siku. Nyingine ilikuwa ya mazoezi, yenye majina ya kubuni. Ungeifuta yote na hakuna ambaye angelala na kiu. Zote mbili tuliziingia kutoka meza moja, kwenye skrini nyeusi ambako unaandika amri kwa maneno, hakuna picha za kubonyeza. Kabla hujaandika kitu, kuna kimstari kinachokungojea, na hicho ndicho kinachokuambia uko mashine gani. Chetu kilikuwa alama ya dola tu, huku na huku.

Mwenzangu ofisini alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilimwita Mama na jina la mwanawe wa kwanza, kama walivyomwita wote. Nusu ya watu waliokuja kuuliza zamu alikuwa amewafundisha kusoma, na wakipandisha sauti aliwatazama juu ya miwani, basi, wakatulia. Kompyuta aliianza akiwa na miaka sitini na kitu. Alizijua amri tatu: kuonyesha orodha, kuongeza jina, kufuta orodha. Kila Jumatano alifanya mazoezi kwenye ile mashine ya kubuni, anafuta, anaandika upya, anafuta tena.

Siku moja mimi mwenyewe, fundi, nusura nifute ya kweli. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikatoka nje kwenye ukungu, nikatulia, nikarudi nimeamua kukirekebisha kile kimstari ili kila mashine iwe na chake.

Ilinichukua wiki nzima, na nakiri nilinogewa. Niliweka saa, nikaweka mshale, nikaweka tone dogo la maji, ambalo lilitokea kama kijisanduku kitupu kwa sababu mashine yetu haikuwa na alama hiyo. Nikalitoa kwa uchungu. Mama alikuwa akipita nyuma yangu na kuuliza, "Bado unaisuka tu? Mwenye kichwa hajachoka?"

Mwishowe nilitoa vyote nikabakiza neno moja moja. Kwenye mashine ya kweli kimstari kiliandika "shikamoo", kwa rangi nyekundu. Kwenye ya mazoezi kiliandika "mambo", kwa kijani. Niliona ni akili kubwa: ile ya kweli ni mkubwa, ukiwa mbele yake kaa kwa adabu, ile nyingine ni rika lako, chezeni mtakavyo. Sikumweleza Mama. Niliona jambo linajieleza.

Jumatano iliyofuata, kama saa nne asubuhi, boza lilikuwa nje linanguruma na benchi la wanaosubiri limejaa. Dereva akaingia na karatasi mkononi. "Kiongozi, orodha yangu leo haina mtu."

Nikatazama. Tupu kabisa. Nikageuka kwa Mama, aliyekuwa katikati ya mazoezi yake, na mdomo ukanitangulia.

"Mama, umefuta ya kweli! Hivi hata kusoma hujui?"

Loo. Benchi zima likanigeukia. Pale walikuwepo watu wazima wawili ambao aliwahi kuwashika mkono kuandika herufi yao ya kwanza.

"Nangu nimesoma," akasema. Akikasirika, Chimakonde kilitangulia, "mimi" ikawa "nangu". "Imeandikwa shikamoo. Anayetoa shikamoo ni mdogo. Hiyo nyingine inaniambia mambo. Mimi, bibi wa wajukuu tisa, naambiwa mambo! Nikasema huyu wa mambo lazima ni mkubwa wa ofisi, nisimguse."

"Na ile rangi nyekundu?"

"Rangi gani?"

Nikaona ananifanyia ukaidi. Yeye akachukua daftari lake, akahamia meza ya dirishani.

Nilikuwa na nakala ya alfajiri, na baada ya nusu saa orodha ilirudi yote. Boza likaondoka. Hakuna kaya iliyokosa maji siku ile.

Kesho yake nikaingia. "Shikamoo, Mama."

"Umeamka?" akajibu, akageuza ukurasa.

Ikawa hivyo kila siku. Wengine wote niliwasikia wakiitikiwa marahaba, ile ndefu ya kwake. Mimi, umeamka. Nilimwomba radhi mara mbili, akasema yamekwisha, kwa sauti ya mtu ambaye hayajamwishia. Kompyuta hakuigusa tena. Siku ya tano alitangaza kwamba mwezi ukiisha anarudi Mnyambe kwenye mikorosho yake, kazi ya macho awaachie wenye macho.

Niliumia, nasema kweli. Nilikuwa mgeni Newala, na kabla ya siku ile yeye ndiye pekee aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi kama nimekula. Sasa nilikuwa namfukuza kazini kwa mdomo wangu.

Siku ya kumi aliniletea karatasi yenye neno lake la siri, nimfungie kabisa sehemu yake. Nikaingia kwa jina lake, mara ya kwanza tangu nimalize kusuka kwangu. Kimstari kikatokea: shikamoo. Kimepauka, cheupe kwenye weusi. Nikaingia ile ya mazoezi: mambo, kimepauka vile vile.

Nikafungua mipangilio, nikaona. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye mipangilio ya watumiaji wote. Rangi nilikuwa nimeziweka kwenye mipangilio yangu mimi peke yangu. "Rangi gani?" lilikuwa swali la kweli.

Nikaenda dirishani. "Mama, nyekundu haikuwepo. Kwangu ipo, kwako haikuwepo. Sikuwahi kuangalia kwa upande wako."

Akavua miwani. "Kwa hiyo sikuwa kipofu."

"Hukuwa."

"Wala mjinga."

"Mjinga ni mimi."

"Hilo nilikuwa nalijua," akasema, akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta.

Nikamfungulia mipangilio yake mwenyewe, nikamuuliza tuandike nini. Hakufikiri sana. "Ukifika kwa watu unaanza na shikamoo? Unaanza na hodi. Kwanza ujue wenyewe wamo au hawamo."

Basi tukaandika hivyo. Mashine ya kweli, kwa nyekundu: wamo. Ya mazoezi, kwa kijani: hawamo. Alizijaribu mara nne, akitoka na kuingia, akiisoma kila moja kwa sauti ya darasani. Karatasi ya neno la siri akaichukua, akaichana. Nilipomuaga alisema tu, "Haya."

Kesho yake niliingia mbio, begi begani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. "Shikamoo, Mama," nikasema huku naingoja skrini iwake.

Akafunga daftari lake.

"Unamwamkia nani?" akauliza.

"Wewe, Mama."

"Mimi niko huku."

Nikaacha ile skrini. Nikaweka begi chini, nikamgeukia, nikasimama vizuri mbele yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekula?"