Ngitili Tuliyoitoa

Niliposhinda uenyekiti wa kijiji, mtu wa kwanza kuja kunipongeza alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Alikuja na jogoo mwekundu kwapani, akakaa barazani, akacheka. "Sasa mayu umekuwa mkubwa wetu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake. "Itabidi tukuamkie sisi."

Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi. Watoto wangu walikwishaondoka, na nyumba ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu. Shemeji ndiye aliyefanya nibaki pale. Mume wangu alipofariki, baadhi ya ndugu walitaka shamba ligawanywe nami nirudi kwetu. Yeye alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema, "Mama huyu haondoki," na hakuna aliyeongeza neno.

Kijiji chetu kiko upande wa Tinde, ndani kidogo kutoka barabara ya lami. Watoto waliofaulu kwenda sekondari walitembea hadi kata ya jirani, na wasichana wengi waliishia njiani. Niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe, halafu nikawaona wakirudi nyumbani na mimba hata kidato cha tatu hawajafika. Siku moja watu wa elimu kutoka wilayani walituambia: toeni eneo moja kubwa lisilo na mgogoro, shule itajengwa. Eneo la namna hiyo lilikuwa moja tu, nalo ni ngitili.

Ngitili ni malisho yanayofungwa tangu mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii humo mpaka kiangazi kikali, wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Yetu ilikuwa mali ya kijiji kizima, lakini kila mtu alijua kwamba ng'ombe wengi waliokula mle ni wa shemeji na wanawe.

Sikwenda kumwona. Nilijiambia kiongozi hana shemeji, nikalipeleka jambo moja kwa moja kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Shemeji alisimama akiwa na fimbo yake ya kuchungia. "Mwenyekiti," alianza, na hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Ng'ombe hasomi. Kiangazi kikija tuwalishe madaftari?"

Watu walicheka. Mimi nikamjibu kwa sauti ileile niliyozoea kuwanyamazishia watoto darasani: "Ng'ombe akifa utanunua mwingine. Binti akiharibikiwa, utamnunua mnada gani?"

Wanawake walipiga makofi na vigelegele. Mikono ikanyooshwa, tukashinda kwa mbali. Nilikuwa nikiitazama mikono hiyo kwa furaha, na nilipomtafuta shemeji kwa macho sikumwona. Alikuwa ameshaondoka na wanawe.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kibaya. Vijana wake waliswaga ng'ombe mbali kutafuta majani, na baadhi ya ng'ombe hao hawakurudi. Waliobaki ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa barabarani. Nilikuwa nikikutana naye kisimani, namwamkia, naye anaitikia kwa adabu kama unavyomwitikia mgeni, kisha anaendelea na safari yake. Mke wake na majirani wengine walikuwa wakikaa pamoja kukata viazi vya michembe, vile vinavyoanikwa juani vikauke. Nikifika na kisu changu wananisogezea kigoda, wananipa viazi, na mazungumzo yanakwisha. Hakuna aliyenitukana. Baada ya siku chache nikaanza kukatia viazi vyangu nyumbani, peke yangu, redio ikiwa imewashwa ili pawe na sauti ya mtu.

Shule ilijengwa. Tulibeba mawe na mchanga, hata mimi nilibeba. Siku ya ufunguzi alikuja mgeni rasmi, akatuhutubia habari za maendeleo, akanisifu mbele ya umati kwa uongozi shupavu, akala, akaondoka. Nilirudi nyumbani na ile kanga ya sherehe mwilini, nikakosa wa kumsimulia. Muda wangu ulipokwisha sikugombea tena.

Kundi la kwanza lilimaliza kidato cha nne. Wachache waliendelea. Wasichana wengi kuliko zamani walimaliza bila mimba, na hilo nililishukuru. Lakini waliobaki walizunguka kijijini na vyeti vyao, kisha mmoja baada ya mwingine wakaenda machimbo ya Nyarugusu, kuingia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Tuliombwa ardhi, tuliombwa mawe, tuliombwa nguvu zetu. Hakuna aliyetuuliza wakishasoma watafanya kazi gani, na mimi mwenyewe, mwenyekiti, sikuuliza.

Kisha nikasikia shemeji anahama. Amepata malisho Katavi, anaondoka na wanawe wote na ng'ombe waliosalia. Asubuhi nilikwenda kwake. Nilimkuta akifunga magodoro kwa kamba.

"Umekuja kuagana nami?" aliuliza.

"Nimekuja kuuliza kama ni mimi ninayekuhamisha."

Alivuta fundo, akalijaribu kwa kidole. "Shule ni nzuri," alisema. "Mjukuu wangu wa kike amesoma pale, sikatai. Wa kiume naye amesoma pale, sasa yuko chini ya ardhi Nyarugusu anachimba. Na ng'ombe sina. Basi niambie, mwalimu, hapo nani amepata?"

Nikamwambia lile tu nililokuwa nalo. "Ngitili ningeitoa tena, shemeji. Ila ningekuja kwako kwanza. Ningekaa hapa mpaka tukubaliane utalisha wapi."

Aliacha kamba. "Ungekuja," alisema polepole, "ningekukatalia siku ya kwanza. Na ya pili. Ya tatu ningekuonyesha bonde la kule mtoni. Kijiji kingelifunga liwe ngitili mpya, lingetutosha wote, mayu. Siku ile kwenye mkutano nilikuja nikiwa na neno hilo mdomoni. Ukanijibu kama vile mimi ni mtoto wa darasa la pili."

Nililia mbele yake. Yeye alinitazama kidogo, akaniomba nimshikie ncha ya kamba. Tulifunga magodoro pamoja mpaka lori likaja.

Ni mwaka wa pili sasa. Boma lake limeota magugu. Nyumba yangu imezidi kuwa kubwa; napika ugali wa kiganja na unabaki. Alinipigia simu mara moja tu, msimu wa mvua. Alisema majani ya huko yanafika tumboni kwa ng'ombe, na kwamba mkewe hajazoea majirani. Akauliza kama shule imepata maji.

"Bado," nilisema. "Wanafunzi wanachota mtoni."

"Waambie wachimbe kule bondeni," alisema. "Maji yako karibu."

Nikataka kumuuliza kama atakuja kututembelea, lakini salio lake likaisha. Nilipiga mimi, nikaambiwa namba haipatikani. Siku iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti mpya nikamweleza habari za bonde. Alisikiliza, akaandika kwenye daftari lake, akanishukuru.

Bado hawajachimba.